Kila Nilipokasirika Waliniletea Maji

Ukishang'atwa na mbwa, jambo la kwanza ni sabuni. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, vumilia uchungu, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. La pili, mkataze kila mtu kumuua yule mbwa. Mfungeni pahali salama, mpeni chakula na maji, mwangalieni. Haya mawili niliambiwa na dresa, mfunga vidonda wa hospitali ya misheni, nikiwa nimeshachelewa, ndiyo maana nayatanguliza kabla sijaanza kulalamika. Maana nitalalamika. Anayetaka habari za mgonjwa mpole aliyeshukuru kila kitu, amtafute mwingine.

Naitwa Kabula. Wakati huo nilikuwa nimeolewa upande wa Kishapu, kwenye mji wa baba mkwe wangu, mtu wa ng'ombe na pamba. Mume wangu Masanja alikuwa Geita, akichimba dhahabu chini ya ardhi, na nyumbani tulimwona kiangazi au panapokuwa na msiba. Mimi nilikaa na wakwe zangu, pamoja na wifi yangu Nkwimba na shemeji yangu Jilala, aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Burma. Mtoto wangu wa kwanza, Milembe, alikuwa bado hana hata jino moja.

Na palikuwa na mbwa. Jilala alimpa jina la Jeremani, akisema ukali wote anaoujua yeye umo katika jina hilo. Lakini aliyemlea ni mimi, kwa ukoko wa ugali na maji ya kusuuzia sufuria, tangu hajafumbua macho. Alikuwa mpole mpaka watoto wa majirani wanamkalia mgongoni. Upole huo ndio uliomponza. Fisi walipochukua ndama wetu, watu wakamcheka Jilala, askari mzima aliyefuga mbwa wa kuchezea watoto, na Jilala si mtu wa kuchekwa akanyamaza. Akaamua kumkomaza.

Kwetu kumkomaza mbwa kuna utaratibu wake, na kila mtu ataapa kwamba ndivyo babu yake alivyofanya. Unakamata manyigu, unawakaanga na pilipili, unamchanganyia mbwa katika ugali. Kisha unamfungia kwenye kibanda cha giza asimwone mtu ila mwenye fimbo. Kila jioni Jilala alijifunika gunia kichwani, akaingia kwenye kibanda cha ndama, na sisi nje tukasikia mbwa akilia. Nilimwambia mama mkwe kwamba mbwa yule anateswa. Akaniambia nikapepete mtama.

Baada ya muda mbwa alimng'ata Jilala kidole. Shemeji alitoka kibandani damu inamchirizika, anacheka. Watu walikuja kukitazama kile kidole kama watu wanaokuja kumtazama mzazi. Baba mkwe, ambaye husema kwa nadra, alisema, "Sasa tuna mbwa." Jilala akakifunga kidole kwa kitambaa, akaenda nacho kilabuni kukionyesha. Hakuna aliyemwambia habari za hospitali, ingawa na yeye alipaswa kwenda, tena mbio.

Siku chache tu baadaye nilimpelekea Jeremani chakula, Milembe mgongoni. Alikuwa anahema, mate yanamtoka, na kamba ya katani ilikuwa imemzama shingoni mpaka kwenye nyama, maana mbwa alikuwa anakua na hakuna aliyekumbuka kuilegeza. Nilimwita jina lake, akatikisa mkia. Nikapeleka mkono niilegeze, nikamgusa penye kidonda. Alining'ata mkono chini ya kiwiko, akaniachia mara moja, akarudi nyuma mpaka ukutani akitetemeka mwili mzima. Simtetei. Ninasema nilichokiona, kwa kuwa nilikuwa peke yangu mle ndani na wote waliohukumu walikuwa nje.

Nkwimba alikuwa mlangoni na mtungi. Aliona damu mkononi mwangu, akapiga mwano. Mwano ni yowe letu la hatari, na ukilisikia unaacha jembe, unashika rungu, unakimbia. Asiyekwenda hutozwa faini. Ni desturi nzuri ng'ombe wakiibiwa. Ubaya wake ni kwamba kwenye mwano hapana anayeuliza, na kila aliyekuja lazima apige, ili kesho mtu asiseme fulani hakuonekana. Mpaka nimejikokota nje nikisema, "Mwacheni jamani, mimi ndiye niliyemtonesha kidonda," kibanda kilikuwa kimejaa wanaume. Wakamuua kwa marungu, wakamburuta mpaka kwenye miti ya pamba tuliyokuwa tumeing'oa baada ya mavuno, wakamchoma asibaki.

Kisha wakaanza kufikiri, sasa kazi imekwisha. Mmoja akasema mbwa hamng'ati anayemlisha ila awe na kichaa. Mwingine akasema, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, au awe amemwona na jambo la kichawi. Nilisema, "Lakini amemng'ata na Jilala." Wakanijibu kuwa ule ulikuwa ukali. Nikauliza ukali na kichaa wanavitofautishaje, na nikasikia mama mkwe akisema nyuma yangu, "Mnaona anavyofoka?" Akamfungua Milembe mgongoni kwangu.

"Maziwa yako yameingiwa, Mama Milembe," akasema. "Mtoto hanyonyi tena."

Hiyo ndiyo siku walipomchukua mwanangu. Kidonda cha mkono kilipona upesi kuliko nilivyotarajia, na kovu lake ni dogo. Kilichoniuma ni hicho kingine, na ndicho ninachokiandikia.

Kesho yake nilipanda lori la pamba mpaka hospitali ya misheni mjini. Dresa, kijana mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likapauka, aliniuliza swali moja kabla hajatazama mkono.

"Mbwa yuko wapi?"

"Ameuawa."

"Na kichwa chake?"

"Wamemchoma wote."

Akaanza kuufungua mkono wangu. "Mama, angefungwa siku kumi, akawa anakula na kunywa, ningekurudisha kwa mwanao bila sindano hata moja. Sasa sijui kitu. Na kwa kuwa sijui, itabidi nikuchome zote."

Nilitamani kumpiga mtu. Sikujua nimpige nani, maana waliostahili walikuwa Kishapu wakipongezana.

Dawa yenyewe ilikuwa haipo, ikaagizwa Mwanza, ikasubiriwa treni. Kwa hiyo nikaanza kuujua ubao wa kungojea. Ulikuwa ubao mrefu barazani, umelainika kwa kukaliwa, na asubuhi ulijaa watu wa homa, watu wa macho, kina mama na watoto wa kikohozi. Habari zangu zilikuwa zimenitangulia, sijui kwa lori gani. Nilipokaa, watu walisogea. Walisogea tena, mpaka nikabaki na kipande changu cha ubao kinachoweza kukalisha familia.

Siku ya pili mama mmoja wa Ngokolo, mtaa wa hapo mjini, muuza vitumbua aitwaye Mama Zuhura, alikuja akichechemea na kidonda cha mguu. Alitazama ule uwazi, akakaa katikati yake, akanyoosha mguu juu ya ubao.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Mungu akuzidishie. Wiki ya tatu hii sijapata nafasi ya kuunyoosha."

"Hukusikia ninavyosemwa?"

"Nimesikia. Ukitaka kuning'ata niambie mapema, nigeuze mguu mbovu."

Nilicheka, na nilipomaliza kucheka nililia. Nakuambia wewe unayesoma, ukiwa mgonjwa wa ugonjwa unaoogopwa, atatokea mtu mmoja atakayekaa karibu. Usimwulize sababu, mpishe akae.

Sindano zilipofika zilikuwa za tumboni, kila siku moja, leo kulia, kesho kushoto, wiki mbili zote. Sitakudanganya kwamba haziumi. Kila moja iliacha uvimbe wa moto kama yai lililotoka chunguni, na zilipokwisha nafasi za kuchoma, dresa alitafuta nafasi kati ya uvimbe na uvimbe. Sikuweza kufunga kitenge kiunoni. Sikuweza kuinama kuwasha moto. Homa ilinipanda jioni, viungo vikauma kama mtu aliyelima heka nzima. Lakini ziendee ukazipate. Nilipotaka kuacha katikati, dresa alinionya kwamba ugonjwa wenyewe ukianza hakuna sindano tena, na nikaona machoni pake kwamba alishawahi kuuona.

Maziwa ndiyo yaliyonitesa zaidi ya sindano. Yalijaa saa zile zile alizozoea kunyonya Milembe, yakalowesha gauni, na mimi naendelea kukaa kwenye ubao mbele za watu. Mama Zuhura alinifundisha kuweka kitambaa cha moto na kuyakamua ukutani nyuma ya jiko la wagonjwa, ili yasikauke, ili nikirudi niwe nayo. Nilikamua asubuhi na jioni. Yalinywewa na mchanga. Kadiri sindano zilivyoendelea yalipungua, na kufikia zile za mwisho nilipata matone ya kulowesha kidole. Sijui kama ni dawa au ni uchungu wa moyo. Sikumwuliza mtu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuambiwa.

Masanja alifika kutoka Geita sindano zikiwa zimepita nusu, nguo zimejaa vumbi la safari. Alisimama mbali hatua kadhaa, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kudai au kudaiwa.

"Pole, Mama Milembe."

"Mtoto yuko?"

"Yuko. Anakunywa maziwa ya ng'ombe na uji. Amenenepa."

"Nikimaliza hapa nampata?"

Alizungusha kofia. "Mama anasema tungoje mvua. Kichaa cha mbwa, anasema, hulala kikasubiri ngurumo ya kwanza. Ikipita ngurumo na wewe ni mzima, basi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema tungoje tu."

Nilimtupia kikombe cha bati. Hakikumpata, na hata leo najuta kwamba hakikumpata. Mume wangu, mtu anayeshuka chini ya ardhi kila siku na baruti, alitimua mbio kumwita dresa akisema kichaa kimeanza. Dresa alikuja na bilauri ya maji. Nikayanywa yote mbele yao, nikairudisha bilauri. Dresa alimwambia kwamba mkewe hana kichaa, ana hasira. Masanja akaitikia kwa kichwa, jioni akalala kwa rafiki yake mjini.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa hali yangu mpya. Mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji, hilo watu wote walilijua. Basi nilipoachiwa na hospitali nikarudi nyumbani, kila nilipopaza sauti waliniletea maji. Nikimwambia Nkwimba asinivurugie kuni, Nkwimba anakwenda mtungini. Nikiuliza kwa nini mwanangu halali kwangu, mama mkwe anakuja na kata ya kibuyu imejaa, ameishika kwa mikono miwili, sauti laini kama ya muuguzi. "Kunywa kidogo, mama, tuone." Nilikunywa maji mwaka ule kuliko ng'ombe wa mjini kwetu. Na unywapo maji ukiwa na hasira, hasira hushuka tumboni ikakaa huko, haitoki.

Waliniruhusu kumtazama Milembe kutoka uani. Kumshika, hapana. Nilijifunza kumjua kwa mgongo, akiwa amebebwa na Nkwimba.

Mvua ya kwanza ilikuja na ngurumo za kutosha kuamsha vichaa vyote vya Usukuma. Nilikaa mlangoni nikizisikiliza kwa furaha. Asubuhi nikaoga, nikaenda kwa mama mkwe, nikapiga goti.

"Mayu, ngurumo imepita."

"Imepita, tumshukuru Mungu. Lakini wiki ile ulimfokea Nkwimba. Tungoje kidogo, mpaka palizi."

Nikaona kumbe hasira zangu ndizo zinazoniponza. Hasira hasara, nikajiambia, na nikaamua kuwa mpole. Ah, nilikuwa mpole. Nilisalimia watu wasionisalimia, nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, nilipewa kazi za watu wengine nikaitikia asante. Baada ya majuma kadhaa ya upole huo nilimsikia Nkwimba akimwambia jirani kisimani, "Siku hizi amenyamaza. Mbwa wa kimya ndiye wa kuogopa." Nilisimama pale nyuma ya vichaka na ndoo kichwani, nikaelewa kwamba hakuna mlango wa kutokea. Jeremani alipokuwa mpole alichekwa, akapigwa apate ukali. Alipoupata akasifiwa. Alipoutumia mahali wasipotaka, akauawa. Na katika yote hayo hakuna aliyemtazama shingo.

Palizi ilifika. Tulikuwa shambani sote, pamba imefika magotini, Masanja amerudi Geita. Mchana wakakusanyika ukingoni mwa shamba kula, na mimi nikala mbali kidogo kama kawaida yangu. Milembe alikuwa amekaa kwenye ngozi, sasa anatambaa. Nkwimba alipompitia na sufuria, mtoto aliinua mikono miwili, akasema neno lake la kwanza nililowahi kulisikia. Alimwita Nkwimba "Mayu," yaani mama.

Niliweka bakuli langu chini. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini mama mkwe alishainuka, kata mkononi, anakuja. Niliipokea. Sikunywa. Nilipita katikati yao nikaenda mpaka alipokaa Jilala.

"Shemeji, kunywa tuone."

Akacheka. "Mimi nina nini?"

"Una kidole. Mbwa ni yule yule, na alianza na wewe. Kunywa."

Jilala alitazama watu kama anayetafuta wa kucheka naye, hakumpata. Nami nikageuka kwa baba mkwe, jambo ambalo mke wa mtu kwetu halifanyi, nikapiga goti ili heshima isiwe kisingizio.

"Baba, nisamehe kusema mbele yako. Nina hasira. Nilikuwa nayo jana na nitakuwa nayo kesho, kwa sababu nimenyang'anywa mtoto. Kama hasira ni kichaa, nichomeni na miti ya pamba sasa hivi. Kama sicho, nipeni mwanangu."

Mzee alitafuna alichokuwa anatafuna mpaka kikaisha. Halafu akamwambia mwanawe alete mkono. Akaushika, akakitazama kile kidole na kovu lake.

"Ulikwenda hospitali?"

"Hapana, baba."

"Nani alikupa maji?"

Jilala akauvuta mkono wake.

"Nkwimba," akasema mzee, "mpe mwenzako mtoto."

Basi. Maneno manne. Watu wa pale huwa wanasimulia siku ile wakimsifu hekima, na mimi huondoka wakianza, kwa sababu kidole cha Jilala kilikuwa mkononi mwa Jilala tangu mavuno, na macho mzee alikuwa nayo. Angeweza kukitazama kabla maziwa yangu hayajaisha.

Nkwimba alimleta. Nitasema haki, alikuwa analia, na alimshika vizuri, na alikuwa amempenda. Akamweka mikononi mwangu akarudi nyuma. Milembe alinitazama usoni, akamtafuta Nkwimba kwa macho, akanitazama tena. Kwake nilikuwa yule mwanamke wa uani. Alijipinda kama samaki, akapiga kelele, na nilipomkaza kifuani asianguke, aliinamisha kichwa akaning'ata begani kwa nguvu zake zote. Alikuwa na meno manne, mapya. Niliyahisi yakiingia.

Wanawake wakaangua kicheko. "Ana ukali wa babu yake huyo," akasema mama mkwe, tena kwa majivuno.

Mimi sikucheka na sikumvuta kichwa. Alikuwa anaogopa, na anayeogopa husubiriwa. Nilisimama katikati ya pamba, damu ikinilowesha gauni pale ambapo zamani palikuwa panaloweshwa na maziwa, nikamwimbia kwa sauti ya chini jina lake mwenyewe, mpaka taya zake zikalegea zenyewe.